Maneno ya kazini ya Kikantoni, kwa wanaokuja kuanza kazi Hong Kong

Mnaokuja kupiga kazi Hong Kong, hasa nyie mliosoma Kichina chuoni Dar, mlichosoma ni Kimandarini na huku mtaani ni Kikantoni. Ile shang ban mliyozoea, yaani kwenda kazini, mtaiona kwenye matangazo lakini mdomoni watu wanasema faan gung (naandika yanavyosikika). Na hiyo a ivute, ukiikata inakuwa fan, kulala, sasa muage bosi kwamba unaenda kulala uone.

Anzeni na hilo gung, ndo kazi yenyewe, ukilishika mengine yanakuja mteremko: wan gung kutafuta kazi, gin gung intavyuu, hoi gung kuanza kazi, sau gung kumaliza, hata mshahara ni yan gung. Mshahara ukitoka wanasema chot leung, na sheria inampa mwajiri siku 7 tu baada ya kipindi cha malipo kuisha, kwa hiyo ulizeni tarehe mapema wala msione aibu.

Muda wa majaribio ni si yung kei. Mwezi wa kwanza hapo upande wowote unaweza kuvunja mkataba bila notisi, so ukisikia wanaongelea chau yau yu, kukaanga ngisi, usidhani ni habari za msosi, kuna mtu kapigwa chini.

Bosi ni lou sai. Asubuhi jou san kwa kila mtu mpaka wa usafi. Afu kuna m goi, hiyo itakubeba siku nzima, kuomba kitu, kuomba njia, kushukuru aliyekushikia mlango. Hujaelewa? M goi, gong do yat chi, rudia tena tafadhali, bora uulize kuliko kupeleka mzigo siko. Toni, yaani sauti kupanda na kushuka kwenye neno, ziko 6 na karatasi haitakusaidia, muombe mwenzako akurekodie voisi WhatsApp uigize kama kasuku.

Do je ni asante ya zawadi. Ukiwa umeajiriwa kipindi cha mwaka mpya wa Kichina, siku mnayorudi kazini mabosi wengi wanagawa bahasha nyekundu zenye hela, lai si, pokea kwa mikono miwili, sema do je, na usiifungue mbele yake.