Filta ya mikroni 2 inazima injini ya boti?

SWALI: Fundi, habari ya kazi. Mimi naishi Donholm lakini boti yangu iko Mbita, ina injini ndogo ya dizeli ya silinda mbili, ya zamani, haina mambo ya kompyuta. Filta huwa nanunua Kirinyaga Road natuma na basi. Juzi muuzaji akaniambia niache ya mikroni 30 nichukue ya 2 ndio inachuja safi, vijana wakaiweka kwa ile filta ya kwanza yenye bakuli la maji. Sasa wakienda polepole iko sawa, wakivuta mafuta mpaka mwisho inakosa nguvu, saa zingine inazima. Wameambiwa nozo, zile zinapuliza dizeli ndani ya silinda, zimeisha. Ni kweli?

JIBU: Ndugu yangu, usitoe pesa ya nozo bado. Rudisha ile ya 30, au weka ya 10, alafu wajaribu tena.

Mikroni moja ni sehemu ya elfu moja ya milimita, na unywele wa kichwa una kama mikroni 70, kwa hivyo hata hio ya 30 uliyodharau inashika vitu hauvioni. Muuzaji hakudanganya, ya 2 inachuja zaidi, shida ni mahali mliiweka. Hio filta ya kwanza iko kati ya tangi na pampu ndogo ya kuvuta mafuta, na hio pampu haina nguvu nyingi ya kunyonya, sasa filta ikiwa ya matundu madogo sana na imeanza kuziba, polepole mafuta yanatosha, lakini ukidai nguvu zote pampu inanyonya bure, na kama kuna kiungo cha paipu kimelegea kidogo inavuta hewa hapo badala ya dizeli. Injini inakufa na mtu analaumu nozo.

Mpango ni kushuka ngazi kwa ngazi. Ya kwanza 30 au 10 ibebe maji na uchafu mkubwa, ya pili iliyo kwa injini yenyewe, baada ya hio pampu, ndio inamalizia, na namba yake fuata kitabu cha injini. Racor, kampuni ya kutengeneza filta, wamerahisisha kwa rangi, nyekundu ni 30, bluu 10, kahawia 2.

Kitu wauzaji wengi hawasemi ni kwamba 10 ya filta moja si 10 ya nyingine. Kuna namba ya makadirio tu, inaweza kuwa inashika nusu ya chembe za ukubwa huo na kuachilia nusu, na kuna ile imepimwa. Ukiona imeandikwa beta 75 kwa mikroni 10, maana yake chembe 75 za mikroni 10 kwenda juu zikifika hapo, moja tu inapita. Beta 2 ni nusu kwa nusu. Mimi afadhali 10 iliyopimwa kuliko 2 ya kukisia.

Alafu uliza dizeli inafika aje ufuoni. Kama ni kwa jerikani, maji yako ndani, na pale dizeli inakutana na maji ndio vijidudu vinazaliana vinaleta ule utelezi mweusi. Filta mkiifungua mkute utelezi huo, tangi lioshwe, kwa sababu hapo hata 30 itaziba mapema. Maji ya bakuli yamwagwe kabla ya kila safari, hio haitaki fundi. Na ukiweza nunua filta kubwa zaidi ya mikroni ileile, karatasi yake ni nyingi, inachelewa kuziba.

Wakibadilisha watoe hewa vizuri, na ile ya pili wasiijaze na dizeli ya jerikani wakipitishia tundu la katikati, huo ni upande ushachujwa, uchafu utaenda moja kwa moja kwa pampu ya nozo na hapo sasa ndio utanunua kweli.