Mikono Iliyobabuka Msimu wa Korosho, na Tiba Nyingine za Nyumbani Ninazoziamini

Kila msimu wa korosho unapoanza, jamaa zangu walioko Newala na Tandahimba huniuliza jambo lile lile: ni dawa gani ipakwe kwenye vidole vilivyobabuka kwa mafuta ya maganda. Nimekulia katika nyumba ambayo korosho zilichomwa na kubanguliwa uani, na hata sasa ninapoishi Mtwara mjini bado tunachoma wenyewe zile za kula, kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyatumia mwilini mwangu na kwa watoto wangu.

Ndani ya ganda la korosho, kati ya tabaka la nje na la ndani, kuna mafuta mazito ya rangi ya kahawia yenye asidi inayounguza ngozi. Mafuta hayo hayachanganyiki na maji, na ndiyo maana mtu anayesuuza mikono kwa maji matupu hubaki nayo, ila sasa ameyaeneza kutoka kwenye kidole kimoja hadi kiganja kizima. Kwanza yafutwe kwa kitambaa kikavu, kisha mikono ioshwe kwa sabuni ya mche na maji mengi, tena na tena, mpaka ule utelezi uishe kabisa, bila kusahau chini ya kucha na katikati ya vidole. Kabla ya hapo mtu asiguse macho, asibebe mtoto, wala asiende haja ndogo, kwa sababu ngozi laini huungua haraka zaidi kuliko kiganja cha mkulima.

Kinga, hata hivyo, ni bora kuliko dawa yoyote ninayoweza kuitaja. Mama yangu hakubangua korosho hata moja kabla ya kujipaka mafuta ya kula mikononi na kuchovya vidole katika jivu lililochekechwa, na kila baada ya muda alisimama, akajifuta, akapaka upya. Siku hizi ninaongeza glovu za mpira kwa wenye uwezo wa kuzipata. Ijulikane pia kwamba wengine hawaungui papo hapo, bali hutokwa na vipele na malengelenge siku moja au mbili baadaye. Mkorosho na mwembe ni miti ya ukoo mmoja, hivyo mtu ambaye midomo yake huvimba kwa utomvu wa embe awe mwangalifu zaidi anapobangua. Malengelenge yasipasuliwe, ngozi ile iliyoinuka ndiyo bandeji safi kuliko zote. Kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi hutuliza mwasho vizuri. Uso ukivimba au pumzi ikibana, mgonjwa apelekwe kituo cha afya bila kusubiri.

Kuungua kwa moto wenyewe, wakati korosho zinapolipuka juu ya bati na kurusha mafuta, kuna kanuni moja: maji baridi ya kawaida yamiminwe juu ya jeraha kwa dakika 20. Ninafahamu kwamba mtu wa uwanda wa juu wa Makonde, ambako ndoo ya maji hutafutwa kwa jasho na mara nyingi hununuliwa, atauliza maji ya dakika 20 yatatoka wapi. Jibu ni beseni safi na kata. Weka mkono ulioungua juu ya beseni, mimina maji polepole kwa kata, kisha chota yale yale yaliyodondokea chini na umimine tena maadamu bado ni masafi na baridi. Ndoo moja inatosha. Wakati huo huo bangili na pete zivuliwe kabla mkono haujavimba. Baada ya hapo jeraha lifunikwe kwa kitambaa safi bila kukazwa.

Dawa ya meno, unga wa muhogo, ute wa yai na mafuta ya taa visiguse jeraha la moto. Najua vimerithiwa kwa wazee tunaowaheshimu, lakini huzuia joto kutoka, huingiza vijidudu, na humlazimu muuguzi kuvikwangua baadaye huku mgonjwa akilia. Mshubiri ninaukubali kwa jeraha dogo tu ambalo ngozi yake haijafunguka: jani likatwe, maji ya njano yanayochuruzika yaachwe yatoke, kisha ute wa ndani upakwe baada ya kupoza kwa maji, si badala yake. Jeraha linalozidi ukubwa wa kiganja cha mgonjwa mwenyewe, lililopo usoni, kwenye viungo au sehemu za siri, au lililogeuka jeupe au jeusi, ni la hospitali, na kwa mtoto mdogo sioni sababu ya kungoja hata likiwa dogo zaidi.

Wakati wa kupuliza salfa kwenye mikorosho dhidi ya ugonjwa wa ubwiri unga, kazi inayofanywa alfajiri umande ungali kwenye majani, macho mekundu huwa jambo la kila siku. Watu huweka maziwa ya mama au matone ya asali. Kinachohitajika ni maji safi tu, yamiminwe kutoka pembe ya jicho iliyo karibu na pua kuelekea nje, kwa robo saa au zaidi, kope zikiwa zimefunguliwa kwa vidole. Asiyesikia nafuu au anayeona ukungu aende kwa mtaalamu siku hiyo hiyo.

Ukishuka pwani, kuanzia Msimbati na Mikindani hadi Kilwa, wanaokwenda kuokota pweza na chaza maji yakipwa hukanyaga yule mnyama wa miiba mirefu myeusi, au huchomwa na samaki aitwaye taa aliyejificha mchangani. Sumu ya wanyama hawa hupungua nguvu kwa joto, kwa hiyo mguu ulowekwe katika maji ya moto kiasi cha kuvumilika kwa nusu saa au zaidi. Maji yapimwe kwanza kwa mguu usioumia, kwa kuwa mguu ulioumia umejaa maumivu na hauwezi kukuambia kwamba sasa unaungua. Watu wa pwani hupaka pia utomvu wa papai bichi ili miiba ilainike. Sina ugomvi na desturi hiyo mradi utomvu usiingie machoni wala kwenye kidonda kilicho wazi. Mwiba uliozama karibu na kifundo, na kila jeraha la taa, vinahitaji daktari.

Sasa nije kwenye kuhara, ambako ndiko tiba ya nyumbani huokoa maisha kweli kweli, na ndiko nisingependa mtu yeyote akisie vipimo. Ukikosa pakiti ya chumvichumvi ya kuhara (ORS) ya dukani au ya zahanati, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, ambayo ni sawa na chupa mbili za nusu lita, tia vijiko vya chai sita vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi, koroga mpaka viyeyuke. Chumvi ikizidi ni hatari kwa mtoto. Sukari ikizidi huongeza kuhara. Mgonjwa apewe kidogo kidogo kila baada ya choo, mtoto kwa kijiko, na akitapika asubiriwe dakika 10 kisha aendelee. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Mtoto aendelee kunyonya na kula uji. Dafu ni kinywaji kizuri na mgonjwa asinyimwe, lakini lina chumvi kidogo mno kuchukua nafasi ya mchanganyiko huu. Mtoto anayehara aombewe pia vidonge vya zinki zahanati, vinavyotolewa kwa siku 10 hadi 14 hata kama kuhara kumekoma.

Dalili za kuondoka nyumbani mara moja ni macho kuingia ndani, ngozi ya tumbo kubaki imekunjika ukiifinya, kukosa mkojo, mtoto kulegea, choo chenye damu, au choo cha majimaji kama maji ya kuoshea mchele. Hii ya mwisho inaweza kuwa kipindupindu, na mgonjwa aendelee kunywa mchanganyiko hata njiani.

Kwa kikohozi cha mafua, tangawizi iliyopondwa na kuchemshwa, ndimu, na asali nzuri inayotoka misitu ya Liwale huleta faraja ya kweli. Kijiko cha asali kabla ya kulala hupunguza kukohoa usiku. Mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asilambishwe asali hata kidogo, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vinavyotoa sumu ya kupooza mwili wa mtoto mchanga. Nyungu siipendekezi kwa watoto, maana sufuria ya maji yanayochemka chini ya shuka imeunguza wengi. Koo linalowasha lisukutuliwe kwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu. Jino linalouma hutulia kwa karafuu iliyopondwa kidogo na kuwekwa juu yake, ingawa tundu linaendelea kuchimbika na daktari wa meno bado anahitajika.

Mwarobaini ninautumia kwa kuogea: majani yaliyochemshwa, maji yakipoa, kwa mtu anayewashwa na tetekuwanga. Mafuta yake, hata hivyo, mtoto asinyweshwe kamwe, kwani yameleta degedege na vifo kwa watoto wachanga.

Kidonda cha jembe, cha panga au cha msumari kioshwe kwa maji na sabuni, kisibandikwe udongo, kinyesi cha mifugo wala unga wa betri, na mwenye nacho aulize kuhusu chanjo ya pepopunda. Aliyeumwa na nyoka asichanjwe kwa wembe, asifungwe kamba ya kukaza, asiwekewe jiwe jeusi. Atulizwe, sehemu iliyoumwa isitikiswe, abebwe hadi hospitali.

Homa nimeiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu mikoa yetu ni miongoni mwa yenye malaria nyingi nchini, na hapa sina jani hata moja la kumpa mtu. Majani ya mpapai na mwarobaini hunywewa siku mbili tatu huku vimelea vikizidi kuongezeka katika damu. Kipimo cha haraka kinahitaji tone moja la damu ya kidole, majibu hutoka ndani ya dakika 20 hivi, na dawa mseto hutolewa pale pale. Mwenye mtoto aliyepata joto usiku ampunguzie nguo, ampe maji ya kunywa na parasetamo kwa kipimo cha uzito wake, na asubuhi na mapema awe zahanati. Kama mtoto amepata degedege, hawezi kunyonya au hazinduki vizuri, aondoke usiku huo huo.