Hosteli ya yuan 65 Guangzhou, na fleti ya yuan 40 isiyouliza karatasi

SWALI: Shikamoo mshauri. Mimi ni mfanyabiashara wa mikoba Kariakoo, na mwezi wa kumi nakwenda Guangzhou peke yangu kwa mara ya kwanza, kwa viza ya biashara. Nimeweka nafasi ya kitanda katika bweni la wanawake kwenye hosteli moja, yuan 65 kwa usiku. Mwenzangu aliyekwenda mwaka jana anasema hosteli za bei hiyo hazina leseni ya kulaza wageni kutoka nje, na kwamba nitatolewa usiku na mabegi yangu. Ananishauri nifikie kwa mtu anayemfahamu maeneo ya Xiaobei, mtaa wa Guangzhou wenye Waafrika wengi, anayelaza watu kwenye fleti kwa yuan 40 bila kuulizwa karatasi yoyote. Nishike lipi?
Msomaji, Dar es Salaam

JIBU: Marahaba. Shika kitanda chako cha yuan 65. Swali hili hunifikia karibu kila wiki, mtaa tu ndio hubadilika, na maneno yanayonikera ni yale yale: "bila kuulizwa karatasi yoyote". Mwenzako ameyataja kana kwamba ni sifa ya malazi, kama vile maji ya moto au kitanda chenye neti.

Nianze na hiyo leseni, kwa kuwa imeshageuka hadithi. Kuna wakati China ilikuwa na hoteli zilizotengwa kwa ajili ya wageni kutoka nje, na mazoea hayo yalibaki vichwani mwa wenye hoteli muda mrefu baada ya utaratibu wenyewe kuondolewa. Mei 2024 Wizara ya Biashara ya China, pamoja na idara nyingine za serikali kuu, ilielekeza kwamba hoteli isimkatae mgeni kwa kisingizio cha kutokuwa na sifa ya kupokea watu wa nje. Kinachoweza kukukwamisha leo, mara nyingi, ni kompyuta ya mapokezi na kijana anayeitumia. Mchina akifika kaunta huweka kitambulisho chake juu ya kifaa kidogo, na taarifa zake huingia katika mfumo wa polisi kabla hajatua begi. Pasipoti yako haisomwi na kifaa hicho. Katika hosteli ndogo kijana wa zamu ya usiku hulazimika kufungua ukurasa mwingine, kuchapa herufi kwa herufi jina ambalo hajawahi kuliona, kutafuta namba ya viza, kisha kuusaka muhuri wa kuingilia nchini katikati ya mihuri ya Dubai na Nairobi. Nimewahi kusimama kwenye kaunta ya namna hiyo saa sita usiku pamoja na mteja wangu, tukimtazama binti wa mapokezi akiigeuza pasipoti juu chini, akampigia mtu simu, hakupokelewa, kisha akaturudishia na kusema "meiyou", yaani hakuna, ilhali nafasi tulikuwa tumeilipia tangu asubuhi.

Sitajifanya kwamba kila kukataliwa ni suala la kompyuta. Aprili 2020, wakati wa hofu ya korona, Waafrika wengi wa Guangzhou walitolewa katika nyumba na hoteli, wakiwemo waliokuwa na karatasi zote, na mabalozi wa nchi za Kiafrika wakalalamika rasmi kwa serikali ya China. Aliyelala barabarani wiki ile ana haki ya kutoamini kaunta yoyote. Lakini kwa safari yako ya sasa kinga ipo na haina gharama: waandikie hosteli leo, kupitia programu uliyowekea nafasi, sentensi hii ya Kichina: 你们可以接待外国人吗？ Maana yake ni "Je, mnaweza kupokea mgeni kutoka nje?" Wakijibu ndiyo, hifadhi picha ya jibu hilo kwenye simu ili uioneshe kaunta. Wakinyamaza siku mbili, futa nafasi hiyo ukiwa bado Dar es Salaam, usisubiri kufutiwa ukiwa Guangzhou. Fika mchana, kwa kuwa meneja huwepo mchana. Mwezi wa kumi una jambo moja zaidi: maonyesho makubwa ya biashara ya Canton, yanayofanyika hapo hapo Guangzhou, huanza tarehe 15 Oktoba na kuendelea hadi tarehe 4 Novemba, na katika siku hizo bei za vyumba hupanda na vitanda vya bei nafuu huisha mapema, kwa hiyo uwe na jina la hosteli ya pili mfukoni.

Sasa nirudi kwenye karatasi. Ukilala gesti yoyote ya kwetu, Morogoro au Singida, unaletewa daftari kubwa lenye mistari, unaandika jina, kabila, unakotoka na unakokwenda, na unaandika ovyo kwa sababu unajua hakuna atakayelisoma. Wafanyabiashara wetu huchukulia uandikishaji wa China kuwa ni daftari hilo hilo, na hapo ndipo wanapopotea. Sheria ya China ya kuingia na kutoka nchini, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2013, inaitaka hoteli imwandikishe mgeni kutoka nje na kupeleka taarifa zake polisi. Anayelala mahali pasipo hoteli, iwe kwa ndugu, kwa rafiki au kwenye fleti ya kupanga, anatakiwa kuandikishwa katika kituo cha polisi cha mtaa huo ndani ya saa 24, yeye mwenyewe au kupitia mwenye nyumba. Asiyefanya hivyo hupewa onyo na anaweza kutozwa faini isiyozidi yuan 2,000. Linganisha kiasi hicho na yuan 25 unazotaka kuokoa kila usiku.

Faini, hata hivyo, si sehemu inayouma zaidi. Ukipoteza pasipoti sokoni, na masoko ya Sanyuanli na yale ya nguo karibu na stesheni kuu yana msongamano wa kutosha kuipoteza, safari yako ya kurudi nyumbani inapitia polisi kwa ajili ya hati ya upotevu, kisha ubalozini kwa hati ya dharura, kisha idara ya uhamiaji kwa viza ya kutokea nchini. Katika mzunguko huo utaulizwa ulikuwa umelala wapi na karatasi yake iko wapi. Mgonjwa anayehitaji kuongezewa siku za viza naye huulizwa hivyo hivyo. Mtu wa fleti ya yuan 40, ambaye hakukuandikisha kwa sababu kufanya hivyo kungefichua gesti bubu yake, hatakwenda nawe kituoni. Nimewaona wa namna hiyo wakizima simu siku hiyo hiyo.

Kuna na ujanja mwingine, ambao wengi hata hawauhesabu kuwa ujanja. Watu wanne huchukua chumba kimoja, mmoja anaandikishwa kaunta, na watatu hupanda baadaye mmoja mmoja wakiwa wamebeba mifuko ya chipsi, kama wageni waliokuja kusalimia. Miaka kadhaa iliyopita kundi la wateja wangu lilifanya hivyo bila kunieleza. Chumba chenyewe kilikuwa cha aina isiyo na dirisha, ambayo ni ya kawaida katika malazi nafuu ya Guangzhou na huwa imetajwa kwa maandishi madogo kwenye tangazo. Watu wanne walikuwa wamelala humo na marobota ya mitandio hadi usawa wa kiyoyozi. Polisi walifika alfajiri kwa ukaguzi wa kawaida, wakaomba pasipoti nne, wakakuta jina moja kwenye mfumo. Watatu walitozwa faini, wakapoteza siku nzima kituoni, na mzigo wao ukakosa kontena la wiki ile. Mwenye hosteli naye aliadhibiwa, na tangu hapo hapokei tena mtu mwenye pasipoti ya Kiafrika. Kila mara ninapoulizwa kwa nini hosteli fulani inakataa watu wetu, chumba kile hunijia akilini.

Kwa hiyo nawaambia hata wale wasioniuliza: mtu yeyote anayekutafutia malazi China, awe dalali, jamaa wa kijijini kwenu au kijana mwenye kundi la WhatsApp lenye watu mia tano, umuulize jambo moja kabla ya bei, nalo ni kituo gani cha polisi kitakuwa na jina lako usiku wa kwanza. Akianza kukueleza kwamba watu wanakaa tu, kwamba yeye anafahamiana na maofisa, au kwamba ukaguzi huwa mwezi mwingine, basi ana jibu la kumsaidia yeye, si wewe. Wapo pia vishoka wanaouza kikaratasi cha uandikishaji kilichotengenezwa kwenye kompyuta, chenye mhuri mwekundu unaopendeza kuliko ule halisi. Ofisa akikitazama hana haja ya kuchunguza mhuri. Anachapa namba ya pasipoti yako kwenye mfumo, na mfumo unamwambia kwamba hujawahi kulala popote. Kuanzia hapo hukabiliwi tena na kosa la kuchelewa kujiandikisha, bali la kughushi hati, na hilo ni shauri la aina nyingine kabisa.

Kwa upande wako wewe, ukifika kaunta toa pasipoti mwenyewe, iliyofunguliwa kwenye ukurasa wa viza, na kidole chako kikiwa kwenye muhuri wa kuingilia; hilo peke yake humpunguzia kijana wa mapokezi nusu ya kazi. Usiiache kaunta usiku kucha: wanahitaji kuinakili tu, na sheria inakutaka uwe nayo unapotembea. Ukilipa amana ya ufunguo, chukua risiti. Ukilala Foshan, mji jirani, usiku mmoja kwa ajili ya kutazama bidhaa, hoteli ya huko itakuandikisha upya, na ukirudi Guangzhou utaandikishwa tena, kwa hiyo usishangae kuombwa pasipoti mara tatu kwa wiki. Na ukiisha kupewa kitanda, omba nakala ya fomu yako ya uandikishaji. Kwa Kichina huitwa 住宿登记表. Kama siku moja utalala kwa rafiki badala ya hosteli, nenda naye kituo cha polisi cha mtaa wake mkiwa na pasipoti yako na mkataba wake wa nyumba. Kituo hakitozi hata yuan moja kwa kazi hiyo.