Jibu: Kuwapeleka watoto kwenye kinu cha matufaha Michigan, je, saida ina kilevi?

Dada, saida ya kwenye vinu vya kukamulia matufaha huko Michigan, Marekani, ni juisi ya matufaha isiyochujwa, haina kilevi. Yenye kilevi huandikwa "hard" kwenye chupa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni vijidudu. Muulize muuzaji kama juisi imepashwa moto au imepitishwa kwenye miale ya UV (mwanga wa kuua vijidudu). Chupa ambayo haijatibiwa hubeba onyo kwenye lebo, lakini ya kikombe unachomiminiwa papo hapo haina lebo, na hapo ndipo wazazi hujisahau. Tufaha lililookotwa chini laweza kuwa limegusa kinyesi cha wanyama, na bakteria wa E. coli O157 huvumilia asidi ya juisi hiyo hata ndani ya friji. Watoto wadogo, wajawazito na wazee wasiinywe mbichi. Ichemshe nyumbani ifike 71°C. Kama huna kipimajoto, iache itokote, kisha ipoe.

Itunze kwenye friji, 4°C au chini, uimalize ndani ya wiki moja hivi. Chupa ikivimba na juisi ikatoa povu, imeanza kuchachuka na kilevi kinaingia, basi mwaga. Ukitaka kuigandisha, punguza kikombe kimoja kwanza, la sivyo chupa itapasuka.

Nendeni asubuhi kukiwa na baridi, maana jua likipanda nyigu huvamia vikombe. Donati zinazouzwa hapo nazo, ulizeni zimekaangwa kwa mafuta gani. Kuna wanaotumia ya nguruwe.