Namba ya kesi si zuio: soma hapa kabla hujaenda kuripoti ICE

Mkuu, hiyo risiti ya mahakama haizuii ndege ya kukuondoa Marekani. Umeandika kwamba Bodi ya Rufaa za Uhamiaji imekukatalia, anayekujazia fomu amekufungulia shauri mahakama ya rufaa ya shirikisho, umepewa namba, na Jumanne unakwenda kuripoti ICE, idara inayokamata na kuondoa wahamiaji, bila wasiwasi kwa kuwa "kesi iko mahakamani". Hilo ni kosa nililoligharamia, siwezi kulipita kimya.

Kinachokuchanganya nakijua. Ulipokata rufaa kwenye Bodi ndani ya muda, amri ya jaji wa uhamiaji ilisimama yenyewe, hukuomba. Ukadhani ngazi inayofuata iko vivyo hivyo. Haiko. Jaji wa uhamiaji na Bodi wote wako chini ya Wizara ya Sheria. Pale ni serikali ilikuwa inajisubiri yenyewe imalize. Bodi ikishakataa, amri ya kukuondoa ni ya mwisho na inaweza kutekelezwa. Zamani kufungua shauri mahakama ya rufaa kulikuwa kunasimamisha safari. Sheria ya 1996 ikafuta hilo: hakuna kinachosimama mpaka majaji waamuru. Miaka yote hii, bado kuna watu wanapokea pesa na kumwambia mtu "ukishafungua hawakugusi". Kujaza visanduku wanajua, kusoma kifungu kimoja cha sheria hawataki, na anayepandishwa ndege si wao. Inaniuma kuona bado wanapata wateja.

Zuio, yaani amri ya mahakama ya kusimamisha kuondolewa kwako, lina ombi lake, tofauti na shauri. Shauri lina siku 30 tangu amri ya mwisho, na inayohesabiwa ni siku karatasi ilipomfikia karani, si siku uliyoitia posta. Ombi la kufungua upya kesi kwenye Bodi halisogezi hizo siku 30; Mahakama ya Juu ilishalimaliza hilo 1995. Ombi la zuio linapimwa kwa vigezo vinne vya kesi ya Nken dhidi ya Holder ya 2009: una nafasi ya kweli ya kushinda, utapata madhara yasiyorekebishika, upande wa pili hauumii kupita kiasi, na maslahi ya umma yako upande gani. Watu wanaangukia viwili vya mwanzo. Wanajaza kurasa kumi za watoto, kanisa na kodi walizolipa, halafu kosa la kisheria la Bodi linapewa sentensi mbili. Geuza: anza na kosa la Bodi, taja ukurasa wa uamuzi lilipo. Na usiandike tu kwamba utaondolewa, maana Nken yenyewe inasema kuondolewa peke yake si madhara yasiyorekebishika, kwa kuwa ukishinda unaweza kurudi. Andika kitakachokupata huko: nani anakutafuta, dawa gani haipatikani, kiapo kipi kinathibitisha. Ambatanisha maamuzi yote mawili, wa jaji na wa Bodi, na ile barua ya kukuita Jumanne. Tarehe iliyomo ndiyo inayomwonyesha karani kwamba ni dharura. Mahakama nyingine za rufaa hutoa zuio la muda ombi likishaingia, nyingine hazitoi. Usikisie. Uliza.

Ukishaipata amri, kazi bado. Mei 2025 mahakama ya rufaa iliyoko New York iliamuru mtu asiondolewe, na serikali ilishaihakikishia kwamba hataondoka kabla ya Mei 8. Akapandishwa ndege ya El Salvador Mei 7, kama nusu saa baada ya amri kutoka. Serikali ikaeleza kwamba ni makosa ya kiutawala. Juni mahakama ikaamuru iwezeshe kurudi kwake. Machi 15 mwaka huo huo jaji wa shirikisho Boasberg, Washington, alitamka mahakamani kwamba ndege zilizobeba watu wanaoondolewa zigeuzwe. Amri ya maandishi ilipofuata haikuwa na maneno hayo, na serikali ikashikilia kwamba la mdomo halikuwafunga. Kwa hiyo unataka karatasi, na karatasi imfikie mwenye funguo: ofisi ya ICE utakayoripoti, wakili wa serikali kwenye kesi yako, na kituo cha mahabusu ukikamatwa. Kila barua pepe iwe na Namba A yako (ile ya faili lako la uhamiaji) na namba ya kesi kwenye kichwa cha habari. Nakala moja mfukoni kwako, nyingine kwa mtu atakayebaki nje.

Huyo wa nje awe na namba ya wakili na ombi la habeas corpus lililokwisha kuandikwa, kwa sababu ombi la kupinga kushikiliwa linafunguliwa pale mwili wako ulipo, si unapoishi. Mwanafunzi wa chuo kikuu cha Tufts aliyekamatwa Massachusetts Machi 2025 alifunguliwa ombi Boston usiku ule ule. Wakati huo alishavushwa hadi Vermont, na kesi ikabidi ihamie huko. Likishafunguliwa mahali sahihi, kukuhamisha Louisiana au Texas baadaye hakuinyang'anyi mahakama ile kesi. Ni msimamo wa tangu 1944. Ndiyo maana saa za mwanzo zina thamani kuliko wiki inayofuata. Mwambie huyo mtu: zikipita dakika thelathini hujatoka ofisi ya ICE, ampigie wakili.

Kama jaji alikuzuilia kurudishwa nchi moja tu, kumbuka hiyo haifungi nchi nyingine. Juni 2025 Mahakama ya Juu iliondoa kwa muda ulinzi uliokuwa unataka watu wapewe notisi na nafasi ya kujieleza kabla ya kupelekwa nchi ya tatu. Ikiwa kuna nchi nyingine unayoiogopa, itaje kwa maandishi sasa.

Na usikwepe Jumanne. Kutokuripoti kunawapa sababu ya kukufuata nyumbani na kunaharibu ombi lako.

Leo Alhamisi. Mpigie karani wa mahakama ya rufaa kabla hajafunga, muulize maswali mawili: kwenye kesi yangu kuna ombi la zuio au shauri tu? Na hapa kwenu ombi likiingia, kuna zuio la muda? Majibu yalete hapa.