Barua kwa mwanangu: kilichowafunga maharusi wa Hyderabad

Mwanangu mpenzi,

Huku sote wazima. Umeniuliza, baada ya harusi ya mwenzako wa darasa, ni kipi hasa kilichowafunga: ule uzi wa shingoni au ule moto? Na ile rojo ya kahawia waliyobandikana kichwani ni kitu gani?

Nianze na rojo, maana ndiyo niliyoipenda tangu nilipokuwa nasoma huko India. Ni bizari nyembamba na sukari guru, vimepondwa pamoja na kuwekwa juu ya jani la tambuu. Bila shaka uliona maharusi wametengwa kwa pazia, hawaonani. Ikifika saa iliyopigiwa ramli, kila mmoja anapitisha mkono na kumbandika mwenzake utosini, ndipo pazia linapoondolewa. Wenyewe husema ukali wa bizari na utamu wa guru vikishapondwa havitenganishiki. Kwa Watelugu wengi, wenyeji wa huko Hyderabad, ndoa imefungwa hapo hapo, dhahabu haijaguswa.

Uzi unafuata: umepakwa manjano, una vidani viwili vya dhahabu, kwa desturi kimoja kutoka kila ukoo, na bwana harusi anaufunga mafundo matatu. Kisha wanamwagiana mchele wa manjano kichwani kwa kushindana. Hapo hata wazee huacha uzee wao.

Sheria sasa. Sheria ya Ndoa za Wahindu ya mwaka 1955 uzi haiutaji kabisa. Inataka ndoa ifuate mila ya upande mmojawapo. Na kama mila hiyo ina hatua saba mbele ya moto, ndoa hukamilika hatua ya saba inapokanyagwa. Lakini Tamil Nadu, jimbo jingine la India, waliongeza kifungu chao mwaka 1967: maharusi wakitamkiana mbele ya mashahidi kwamba wameoana, kisha wakavishana shada au pete, au uzi ukafungwa, inatosha, bila kuhani. Kwa hiyo ukiniuliza mimi, kwa rafiki yako ni rojo. Ukimuuliza wakili, ni hatua ya saba.

Je, ulibaki mpaka wakaoneshwa nyota ya Arundhati, mke mwaminifu wa visa vya Kihindu? Harusi nyingine ni za asubuhi, jua limewaka, na kuhani ananyoosha kidole juu vilevile. Maharusi wanaitikia kwamba wameiona.

Mama yako anauliza ulivaa nini.

Baba yako