Chenye jina au chenye nafuu? Hesabu kwanza kozi zilizobaki

Swali la wiki hii: mwanafunzi amemaliza miaka miwili katika chuo cha jamii huko Marekani, vyuo vikuu viwili vimemkubali, je, aende chenye jina au chenye nafuu? Mimi naishi Sacramento, na jambo hili tulilipitia nyumbani kwangu mwaka juzi na binti wa dada yangu. Nitajibu kwa upande wa California tu. Kila jimbo lina taratibu zake, ya Texas na Minnesota watatueleza walioko huko.

Kwa maoni yangu, aende kule ambako kozi alizokwisha kuzisoma zinaingia moja kwa moja kwenye shahada anayoitaka, ili miaka miwili iliyobaki iwe miwili kweli. Ada naiweka nyuma ya hilo, kwa sababu mwaka wa ziada ukijitokeza unafuta nafuu yote. Jina naliweka nyuma zaidi, na najua hapo ndipo nitakapogombana na wengi.

Kwa msiojua mfumo wenyewe: California ina vyuo vya jamii 116. Mtu husoma hapo miaka miwili ya mwanzo kwa ada ndogo, akiwa nyumbani, mara nyingi huku anafanya kazi, kisha anahamia mwaka wa tatu katika chuo kikuu cha umma. Vyuo vikuu hivyo vimegawanyika mafungu mawili. Kuna UC (University of California), yenye kampasi tisa za shahada ya kwanza, Berkeley na Los Angeles zikiwemo, na kuna CSU (California State University), yenye kampasi nyingi zaidi na ada iliyo kama nusu ya ile ya UC.

Binti yetu alisoma biolojia. Akakubaliwa na UC moja kusini kabisa ya jimbo, na CSU moja ambayo kutoka kwetu unapanda basi tu. Habari ilifika Tanga kabla hatujakaa kuijadili. Kundi la ukoo likajaa hongera, na dada yangu akapiga simu: "Hicho cha kusini hata mwenye duka la dawa hapa mtaani anakijua. Hicho kingine ndicho chuo gani?" Mtoto akanitazama, "Mama mdogo, mwambie wewe." Ningemwambia nini? Hata mimi nilikuwa sijui chochote zaidi ya ramani.

Kilichotusaidia ni tovuti ya ASSIST, ambayo ni ya vyuo vya umma vya jimbo na haina malipo. Unachagua chuo chako cha jamii, chuo kikuu unakokwenda na shahada unayoitaka, inakuletea jedwali. Upande mmoja kuna kozi ambazo chuo kikuu kinazidai, upande wa pili kozi za chuo chako zinazokubalika badala yake. Pale ambapo chuo chako hakina kozi inayolingana, jedwali linakuambia wazi. Tulilichapa kwa kila chuo, tukakaa mezani na kalamu nyekundu, tukawa tunapiga mstari kwenye kila alichofaulu. Karatasi ya CSU ilijaa wekundu. Ya UC ilikuwa nzuri mpaka tulipofika kemia ogania, yaani kemia ya kaboni.

Hapa naomba mnivumilie, maana hapa ndipo wengi wanapoumia bila kujua. Chuo chake cha jamii kinafundisha kwa mihula miwili kwa mwaka, kwa hiyo kemia ogania ni kozi mbili. UC nyingi, ukiacha Berkeley na Merced, zinafundisha kwa vipindi vya wiki kumi, vitatu kwa mwaka, na kemia ile ile wameikata vipande vitatu. Ukiwa umemaliza kozi zako zote mbili, vinahesabiwa vipande vyote vitatu. Yeye alikuwa na moja tu. Nusu ya ogania ya hapa hailingani sawasawa na theluthi ya huko, na kwa jedwali lile kozi yake moja haikulipa kitu chochote kwenye shahada. Angeanza ogania mwanzo.

CSU ilikuwa na jambo jingine upande wake. Kuna stashahada maalumu ya kuhamia, inayotolewa na vyuo vya jamii na iliyoletwa na sheria ya mwaka 2010. Ukiwa nayo, na ukiingia shahada inayolingana nayo, CSU hairuhusiwi kukudai zaidi ya krediti 60 ili umalize, wala kukurudisha kwenye kozi za aina ile ile ulizokwisha kufaulu. Krediti 60 ni miaka miwili. Hiyo ni ahadi iliyo kwenye sheria, tofauti kabisa na maneno matamu ya siku ya wageni.

Na mjihadhari na sentensi moja inayopendwa na vyuo vya binafsi: "Tunapokea krediti zako zote." Yawezekana ni kweli. Lakini wanaweza kuzipokea zote na kuziweka kwenye fungu la kozi za hiari, halafu za lazima ukazianza upya kwa bei yao. Swali la kuwauliza ni zipi kati ya hizo zinapunguza kozi za lazima za shahada yangu, na jibu lije kwa maandishi.

Tena aulizwe mshauri wa idara yenyewe. Ofisi ya udahili kazi yake ni kukukaribisha. Binti yetu aliiandikia idara ya kule kusini barua pepe fupi, akajibiwa kwa adabu kwamba kozi mbili za mwaka wa tatu hufundishwa mara moja tu kwa mwaka, na moja inadai ogania yote iwe imekamilika. Maana yake ni kwamba angekaa mwaka mzima akisubiri mlango ufunguliwe.

Fedha nazo zilitushangaza. Baada ya ruzuku, ada ya UC ilishuka hadi karibu kulingana na ya CSU, kwa hiyo wanaosema UC ni ya matajiri hawajasoma barua zao vizuri. Kilichobaki ni kodi ya chumba. Halafu kwenye ile barua ya ufadhili, mkopo wa dola 7,500 ulikuwa umepangwa safu moja na ruzuku, na jumla ya chini ikavichanganya vyote kana kwamba ni zawadi. Chukueni kalamu mfute mikopo na malipo ya kazi za chuoni kabla hamjalinganisha. Na ruzuku ya Pell, ile ya serikali kuu kwa wenye kipato kidogo, ina kikomo cha mihula 12 kwa maisha ya mtu. Aliyekaa miaka minne chuo cha jamii akisoma muda wote kwa ruzuku hiyo ameshakula minane.

Wenye viza ya F-1, ile ya wanafunzi wa kigeni, hesabu yao ni kali zaidi: hawapati Pell, na kwa kawaida wanalipa ada ya mgeni, kwa hiyo kila muhula wa ziada ni donda. Wao waangalie pia kama shahada yao imo kwenye orodha ya sayansi na teknolojia, kwa sababu ruhusa ya kufanya kazi baada ya kuhitimu ni miezi 12, na walio kwenye orodha hiyo huweza kuongezewa 24.

Je, jina halina kazi kabisa? Lina kazi kwa anayetaka utafiti na shahada ya uzamivu, kwa sababu maabara kubwa na maprofesa wanaochukua wanafunzi wako zaidi UC. Kwa kijana huyo, kama ogania yake imekamilika, ningemfungia begi mwenyewe. Na aliye bado mwaka wa kwanza asisubiri kubahatisha: kampasi sita za UC, yaani Davis, Irvine, Merced, Riverside, Santa Barbara na Santa Cruz, zinatoa dhamana ya nafasi kwa anayetimiza masharti, ingawa si kwa kila shahada. Maombi yake ni Septemba, na unachagua kampasi moja.

Binti alikwenda CSU. Dada yangu alinuna wiki kadhaa, kisha akaanza kuuliza mahafali ni lini.

La mwisho ni kwa mliopokea barua mwaka huu. UC inataka jibu kufikia Juni 1, lakini udahili wenyewe ni wa masharti: kozi ulizosema utazimaliza muhula huu lazima uzimalize, kwa alama walizozitaja. Ukitaka kuacha kozi hata moja mwezi Aprili kwa sababu umeshakubaliwa, waandikie kwanza na usubiri jibu. Nafasi hunyang'anywa Julai, wakati vyuo vingine vimeshajaa.